Nyumba ya kwanza: pima mfuko, pima eneo, ndipo uweke saini

Maswali ni yale yale. "Kwa mshahara huu naweza kununua nyumba ya bei gani?" "Nichukue chumba kimoja karibu na kazini, au vyumba vitatu nje kabisa ya mji?" "Benki wamesema nastahili mkopo wote huu, niuchukue?" Nimeyajibu kwenye simu, kwenye harusi, mara moja hata msibani, na kila mara najikuta nachora hesabu zile zile nyuma ya bahasha. Sasa nimeziandika.

Mwongozo huu ni wa kijana anayenunua nyumba yake ya kwanza, nyumba iliyokwisha kujengwa, kwa akiba kidogo na mkopo mkubwa. Anayejenga polepole kwenye kiwanja chake ana hesabu nyingine kabisa. Kwa kuwa sheria, kodi na riba hutofautiana nchi na nchi, tarakimu za humu sijazipa sarafu. Weka ya kwako. Mfano wa mkopo ni 100,000 ili iwe rahisi kwako kuzidisha au kugawanya.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Kumbukumbu za kipato: hati za mshahara za miezi 6, au za miezi 12 kama unafanya biashara au vibarua.
- Matumizi yako ya miezi 3, yaliyoandikwa siku kwa siku. Ukiyakadiria kichwani utajidanganya, kila mtu hujidanganya.
- Orodha ya madeni yote, pamoja na yale ya simu na ya marafiki.
- Taarifa yako ya mikopo kutoka taasisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji, kama nchi yako inayo.
- Akiba iliyogawanywa mafungu mawili: moja la kianzio (pesa unayotanguliza mwenyewe kwenye bei ya nyumba) na ada, jingine la dharura. La dharura lisiguswe hata nyumba iwe nzuri namna gani.
- Daftari, kikokotoo, na ramani ya simu.
- Mtu mmoja anayeweza kukuambia "hapana" bila kuogopa kukuudhi. Mama yako anaweza kuwa huyo. Dalali hawezi.

Hatua ya 1: Jua kinachoingia mkononi

Sahau mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira. Chukua kile kinachobaki baada ya kodi na makato ya lazima. Kama kipato hupanda na kushuka, panga miezi 12 kwenye mstari, chukua miezi mitatu mibaya kuliko yote na utafute wastani wake. Huo ndio mshahara wako kwa hesabu za nyumba. Unaona ni mdogo? Mkopeshaji naye hatauliza ulipata ngapi mwezi wa neema. Atauliza rejesho liko wapi.

Kisha toa yale ambayo hayakwepeki: ada za shule, dawa za kila mwezi, pesa unayotuma kwa wazazi. Watu wengi huiacha hii ya mwisho kwa sababu "ni hiari". Kama hujawahi kukosa kuituma kwa miaka miwili, si hiari tena.

Hatua ya 2: Weka ukomo wa rejesho kabla hujaona nyumba yoyote

Kipimo kinachojulikana sana ni asilimia 30 ya kipato. Kimetoka Marekani: mwaka 1969 sheria iliweka ukomo wa asilimia 25 kwa kodi ya wapangaji wa nyumba za umma, na mwaka 1981 ukapandishwa hadi 30. Kwa hiyo usikichukue kama kitu kilichoteremshwa kutoka mbinguni. Ni mstari uliochorwa na watu, lakini unafaa kuanzia.

Wakopeshaji wa huko huko wana kipimo cha pili: nyumba isile zaidi ya asilimia 28 ya kipato, na madeni yote pamoja na nyumba yasizidi 36. Wao hupima kipato kabla ya makato. Mimi nakushauri upime kwa kinachoingia mkononi, kwa sababu ndicho utakachonunulia chakula.

Tuseme unapokea 3,500 kwa mwezi:

- Asilimia 28 ni 980.
- Asilimia 36 ni 1,260.
- Kama tayari unalipa 290 kwa mwezi kwa deni la gari au la masomo, toa kwenye 1,260. Unabaki na 970.

Chukua namba ndogo kati ya 980 na 970. Ukomo wako ni 970. Uandike ukutani.

Kuna pia kipimo cha haraka cha bei yenyewe: bei ya nyumba gawanya kwa kipato cha kaya cha mwaka. Ikitoka 3 au pungufu, soko la eneo lako linamudika. Ikipita 5, unaingia eneo gumu. Kuna miji duniani ambako hupita 10, Hong Kong ikiwa mfano unaotajwa mara nyingi, na huko tatizo si uvivu wa vijana kuweka akiba. Kwa kipato cha 3,500, mwaka ni 42,000, na mara tatu yake ni 126,000. Basi katika mwongozo huu tutatumia nyumba ya 125,000, kianzio 25,000, mkopo 100,000.

*Angalizo:* Kiasi ambacho benki wanakubali kukukopesha ni makadirio ya hatari yao, na nyumba yenyewe ndiyo dhamana. Ukishindwa, wao wanauza nyumba. Wewe unatafuta pa kulala. Usichanganye ukomo wao na wako.

Hatua ya 3: Elewa mkopo unavyokula

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana hapa ndipo vijana wanapoumizwa wakiwa wanatabasamu.

Mkopo wa 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, unaolipwa miaka 20, riba ikikokotolewa kwenye salio linalopungua, una rejesho la 965 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni 833. Deni lenyewe limepunguzwa kwa 132 tu. Endelea kulipa miaka mitano bila kukosa: umeshatoa 57,900, na deni lililobaki bado ni karibu 89,800. Anayekwambia "nauza baada ya miaka mitatu nipate faida" mwonyeshe mstari huu.

Urefu wa mkopo nao una bei yake. Kwa riba ile ile:

- Miaka 15: rejesho 1,075, jumla utalipa kama 193,400.
- Miaka 20: rejesho 965, jumla 231,600.
- Miaka 25: rejesho 909, jumla 272,600.

Tazama vizuri kutoka 20 hadi 25. Umepunguziwa 56 kwa mwezi, ukaongezewa 41,000 mwishoni. Kama bila hizo 56 hupumui, nyumba hiyo si yako kwa sasa.

Kisha uliza swali hili kwa maneno haya haya: "Riba inapigwa kwenye salio linalopungua, au kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho?" Asilimia 10 ya aina ya pili, kwa miaka 20, ni riba ya 200,000 juu ya 100,000 uliyokopa. Rejesho linakuwa 1,250 badala ya 965. Tangazo linasema asilimia 10 zote mbili, na herufi zimechapwa ukubwa ule ule.

Swali la pili: riba imefungwa au inaelea? Inayoelea hufuata soko na maamuzi ya benki kuu. Uingereza, riba ya benki kuu ilikuwa asilimia 0.1 mwaka 2021. Kufikia Agosti 2023 ilikuwa 5.25. Waliokopa kwa riba ya kuelea, au ambao kipindi chao cha riba iliyofungwa kiliisha katikati ya hapo, waliona rejesho likipaa bila wao kuongeza hata dirisha moja. Jipime mapema: mkopo wetu ule ule ukipanda kutoka asilimia 10 hadi 13, rejesho linatoka 965 hadi 1,172. Limepanda kwa zaidi ya moja ya tano. Kama 1,172 inakutoa jasho ukiisoma tu, tafuta mkopo mdogo zaidi au riba iliyofungwa kwa miaka mingi.

Hatua ya 4: Ongeza gharama ambazo tangazo halisemi

Hii haina mjadala mrefu. Siku ya kununua kuna ada ya wakili, uthamini, ukaguzi wa jengo, ushuru wa stempu, usajili wa hati, ada ya kuandaa mkopo, bima, na gari la kuhamia. Mimi humwambia mtu aanze na makadirio ya asilimia 8 ya bei, kisha asahihishe wakili akishampa orodha kamili ya nchi yake.

Baada ya hapo kuna za kila mwaka: kodi ya jengo, bima, na kama ni ghorofa, mchango wa lifti, walinzi na usafi wa ngazi. Kwa matengenezo, kanuni ya kawaida ni asilimia 1 ya bei kwa mwaka. Kwa nyumba ya 125,000 hiyo ni 1,250, au 104 kwa mwezi. Nyumba kuukuu hudai zaidi. Mpangaji akiona bomba linavuja humpigia mwenye nyumba. Wewe ukishanunua, mwenye nyumba ni wewe, na simu inaita mfukoni mwako mwenyewe.

Hatua ya 5: Pima nyumba na barabara kwa pamoja

Hili ndilo jambo hasa lililonifanya niandike. Watu hulinganisha bei ya nyumba na bei ya nyumba. Linganisha bei ya nyumba na njia yake.

Shirika moja la Chicago, Center for Neighborhood Technology, hupima hivyo: makazi na usafiri kwa pamoja visizidi asilimia 45 ya kipato, yaani 30 za makazi na 15 za usafiri. Mtaa unaoonekana rahisi kwa kipimo cha kwanza huweza kuwa ghali ukiongeza cha pili. Waswahili walishalisema kwa kifupi: rahisi huvunja upishi.

Tufanye hesabu. Nyumba A iko karibu, bei 125,000. Nyumba B iko mbali, bei 100,000, na ina chumba cha ziada. Kianzio ni kile kile 25,000, kwa hiyo mkopo wa B ni 75,000.

- A: rejesho 965, nauli 60 kwa mwezi, dakika 25 kwenda kazini.
- B: rejesho 724, nauli na mafuta 240, dakika 75 kwenda kazini.

B inakuokolea 241 kwenye rejesho na kukunyang'anya 180 barabarani. Akiba halisi ni 61 kwa mwezi. Sasa muda: dakika 50 za ziada, kwenda na kurudi, siku 22. Ni dakika 2,200, yaani saa 36 na dakika 40 kila mwezi. Gawanya 61 kwa saa hizo: unauza kila saa kwa 1.66. Kazini, kwa 3,500 na saa 176 za mwezi, saa yako moja hulipwa karibu 20.

Hapo A imeshinda. Lakini usikimbilie kuhitimisha, maana hesabu hii hugeuka. Anayekwenda ofisini siku 9 tu kwa mwezi, nyingine akifanya kazi nyumbani, hupoteza saa 15, na tofauti ya nauli inashuka hadi kama 74. Akiba yake inakuwa 167, sawa na 11 kwa saa, na ana chumba cha ziada cha kuwekea meza ya kazi. Huyo akichagua B simlaumu. Ila aulize kwanza: mwajiri akibadili mawazo mwaka ujao, itakuwaje?

Fanya hivi kwa kila nyumba unayoipenda:

a) Weka alama kwenye ramani: kazini kwako, kazini kwa mwenza wako, shule, hospitali, soko, na kwa mtu atakayekushikia mtoto ukichelewa. Huyo wa mwisho ana thamani kuliko bwawa la kuogelea.

b) Pima muda wa safari saa moja asubuhi siku ya kazi. Ramani ya simu ukiifungua saa nne usiku itakupa dakika za saa nne usiku.

c) Hesabu njia mbadala. Mtaa wenye barabara moja tu ya kutokea ni mtaa wa kusubiri. Siku lori likilala katikati ya barabara, mtaa mzima unalala nalo.

d) Kama B inakulazimisha kununua gari, weka bei ya gari, bima na matengenezo yake ndani ya bei ya B.

Hatua ya 6: Nenda mara nne

Asubuhi ya siku ya kazi, usiku, siku ya mapumziko, na saa chache baada ya mvua kubwa. Mara moja haitoshi, na nitakueleza kwa nini najua.

Nyumba yangu ya kwanza niliiona Jumapili, saa kumi jioni, jua limepoa, watoto wanacheza nje. Ndani, chumba cha stoo kilikuwa na rangi mpya kwenye ukuta mmoja, kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno tu. Juu ya hapo rangi ilikuwa kuukuu, na mpaka kati ya mbili ulinyooka kama uliopigwa kwa rula. Nikajiambia muuzaji amejitahidi kupaka. Sikuuliza. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, tundu la kutolea maji bafuni lilianza kububujika kwenda juu, maji meusi, na yalipofika stoo yalisimama pale pale kwenye mstari. Nilipotoka nje na tochi, mama wa nyumba ya pili alikuwa ameshainua magodoro yake juu ya matofali, kwa utulivu wa mtu aliyezoea. Akanitazama akasema, "Kumbe hawakukuambia?"

Basi tazama haya:

- Rangi mpya mahali pamoja tu. Mstari wa kahawia ukutani. Chokaa inayobanduka karibu na sakafu. Harufu ya unyevu kabatini. Omba ruhusa usogeze kabati. Muuzaji asiye na la kuficha atakusaidia kulisukuma.
- Nyufa. Nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida. Zinazopanda kimshazari kutoka kona za madirisha na milango, au zinazoweza kumeza sarafu, ziitie mhandisi.
- Fungua mabomba yote kwa pamoja, kisha vuta choo.
- Simama kila chumba ujaribu mtandao wa simu.
- Usiku zima taa, sikiliza. Baa, karakana, jenereta, mbwa, nyumba ya ibada: kila mtu ana kelele anayoivumilia na asiyoivumilia, lakini ijue kabla.
- Zungumza na mpangaji wa jirani. Mpangaji hana bei ya kulinda. Mwulize maji hukatika mara ngapi, na mvua ikinyesha njia ipi haipitiki.

Kisha nenda ofisi ya mipango miji ya eneo hilo uulize nini kimepangwa: upanuzi wa barabara, hifadhi ya reli, eneo la viwanda, dampo. Ile nafasi ya kijani dirishani inaweza kuwa barabara ya njia nne kwenye karatasi.

Jikoni unaweza kubadilisha. Vigae unaweza kung'oa. Mteremko wa ardhi na umbali wa kazini hutabadilisha, kwa hiyo ukilazimika kuvumilia kasoro, vumilia zile zilizo ndani ya kuta.

Hatua ya 7: Jiulize kama si bora uendelee kupanga

Tunasema kupanga ni kuchagua, na kwa anayelipa kodi ya nyumba msemo huo una maana mbili. Kodi si pesa iliyotupwa, kama vile riba, bima na ukarabati si akiba.

Gawanya bei ya nyumba kwa kodi ya mwaka mmoja ya nyumba kama hiyo hiyo, mtaa huo huo. Ikitoka chini ya 15, kununua kunaelekea kuwa na faida. Ikipita 20, kupanga kunaelekea kushinda, na tofauti uiweke akiba kweli. Nyumba yetu ya 125,000 ikiwa inapangishwa kwa 650 kwa mwezi, ni 7,800 kwa mwaka, na jibu ni 16. Hapo katikati, kinachoamua ni muda utakaokaa. Ukiwa huna hakika ya kuwa mji huo miaka mitano ijayo, ada za kununua na za kuuza zitakula chochote ulichopata. Rudi uangalie salio la miaka mitano kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 8: Hati kwanza, pesa baadaye

1. Tafuta wakili wako mwenyewe. Wakili wa muuzaji anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini ni wa muuzaji.
2. Mwombe afanye upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi: jina la mmiliki, rehani, zuio la mahakama, kodi zisizolipwa.
3. Linganisha jina la kwenye hati na kitambulisho cha anayeuza. Kama ni mali ya wanandoa au ya urithi, wahusika wote wakubali kwa maandishi. Ndugu aliyekuwa safarini wakati wa kuuza ana kawaida ya kurejea baada ya wewe kuhamia.
4. Mipaka ipimwe na mtaalamu. Ukuta wa jirani si ushahidi.
5. Kianzio kilipwe kwa njia inayoacha alama, ikiwezekana kwenye akaunti ya amana ya wakili, na mkataba useme wazi kwamba kinarudishwa mkopo ukikataliwa au hati ikionekana na dosari.

*Angalizo:* "Kuna mteja mwingine anakuja jioni na pesa taslimu." Labda yupo kweli. Mwache aje.

Hatua ya 9: Toa ofa na uisome

Anza na bei unayoweza kuitetea: taja nyumba zilizouzwa karibu, taja gharama ya kurekebisha ulichokiona. Weka kichwani bei ya mwisho utakayoondokea, na umwambie yule mtu wako wa kukuambia "hapana" ili akushike mkono. Mkataba usomwe nyumbani, umekaa, umeshiba. Usiusome umesimama mezani kwa mtu aliyeshika kalamu.

Ukikwama

*Benki wamekataa.* Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni moja ya tatu: madeni mengine ni mengi, kumbukumbu za kipato hazitoshi, au kuna kosa kwenye taarifa ya mikopo. La tatu husahihishwa kwa barua na risiti. La kwanza husahihishwa kwa kumaliza deni dogo dogo moja moja, ukianza na lenye riba kubwa. Usikimbilie kuomba benki tano kwa wiki moja. Maombi hayo nayo hurekodiwa.

*Kianzio hakitoshi.* Usikikope kwingine. Ukilipa kianzio kwa mkopo wa haraka wenye riba kali, umenunua nyumba kwa asilimia mia ya deni, na rejesho la pili halikuwemo kwenye hesabu ya 28 na 36. Shusha bei ya nyumba unayolenga, au ongeza miezi.

*Naweka akiba lakini bei zinanikimbia.* Kama kila mwaka bei hupanda kuliko unachoweka, kusubiri nyumba ile ile hakutakufikisha. Badili nyumba: ndogo zaidi, kuukuu zaidi, au ghorofa ya juu isiyo na lifti. Mchagua nazi hupata koroma, na nyumba ya kwanza si lazima iwe ya mwisho.

*Zote ninazozimudu ziko mbali.* Kabla hujakubali kwenda mbali, fuata njia kuu ya usafiri kituo kimoja kimoja. Vituo viwili au vitatu baada ya mtaa wenye jina, bei huweza kushuka huku dakika zikiongezeka kidogo tu. Mtaa ulio mbali kwa kilomita lakini juu ya reli unaweza kuwa karibu kuliko ulio jirani nyuma ya foleni.

*Mwenza wangu anataka mjini, mimi nataka nje.* Kila mmoja aandike peke yake mambo matatu asiyoweza kuishi bila hayo, kisha mbadilishane karatasi. Mara nyingi mtu anayesema "mjini" anamaanisha "nisiamke saa kumi alfajiri", na anayesema "nje" anamaanisha "nisisikie jirani akikohoa". Nyumba ya namna hiyo huenda ipo.

*Nataka kununua pamoja na kaka au rafiki.* Inawezekana. Andikeni kwa wakili, kabla ya kulipa: nani ametoa kiasi gani, nani analipa nini, mmoja akioa au akihama nini kitatokea, na bei ya kununuliana sehemu itapatikanaje. Undugu wenu utanusurika kwa sababu ya karatasi hiyo.

*Nimeshaweka kianzio, ndipo nimegundua dosari.* Usilipe kitu kingine. Peleka mkataba na picha kwa wakili siku hiyo hiyo. Kama kipengele cha kurudishiwa kipo, kitumie. Kama hakipo, linganisha kianzio unachopoteza na gharama ya kurekebisha. Kianzio kilichopotea ni kidonda. Mkopo wa miaka 20 kwenye nyumba yenye mgogoro wa ardhi ni ugonjwa.

*Nimeshanunua, kipato kimepungua.* Mpigie mkopeshaji kabla ya tarehe ya rejesho, siyo baada. Akiona simu yako kabla hujakosa, anaweza kuongeza muda wa mkopo au kukupa miezi michache ya kulipa riba tu. Ukishakosa mara tatu faili lako linahamia dawati jingine, la watu wasiopokea maelezo. Nenda na hesabu yako mkononi: kinachoingia, kinachotoka, na rejesho unaloweza kulilipa mwezi huu bila kudanganya. Kama kuna chumba kinachokaa wazi, tafuta mpangaji wiki hiyo hiyo, huku ukisubiri majibu.